Chakula Kitangulie Vifaranga

Jike lilitaga Ijumaa jioni, na kufikia Jumapili asubuhi kiota cha mapovu ambacho dume lilikijenga chini ya jani kavu la mti wa mkungu kilikuwa kimejaa vijinyuzi vyeusi vilivyoning'inia, mikia ikiwa chini. Walikuwa watoto wa samaki wapiganaji, wale wenye mapezi marefu yanayopepea kama mtandio, ambao wataalamu huwaita Betta splendens. Kwa siku tatu nzima dume halikupumzika: kila kifaranga kilipodondoka kutoka kiotani, lilishuka, likakiokota kwa mdomo na kukirudisha mahali pake. Siku ya nne vifaranga walinyooka na kuanza kuogelea wenyewe, nami nikalitoa dume kama nilivyokuwa nimeelekezwa, kisha nikawanyunyizia chakula cha dukani ambacho nilikuwa nimekitwanga hadi kikawa laini kuliko poda.

Hawakukigusa. Siku ya sita nilichemsha yai, nikakamulia kiini chake majini kupitia kitambaa, na maji ya tangi yakageuka rangi kama tui la pili. Kufikia siku ya tisa hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa hai. Nilinyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, nikaumwaga kwenye sahani nyeupe, nikaanza kuhesabu miili, na nilipofika 140 nikashindwa kuendelea. Miili yote ilikuwa na kichwa kikubwa na tumbo lililobonyea ndani. Hawakufa kwa ugonjwa. Walikufa njaa, chakula kikiwa kimewazunguka pande zote.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kwa mzee mmoja wa hapa Tabata, Dar es Salaam, ambaye amefuga samaki wa mapambo kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye nusu ya wafugaji ninaowafahamu wamepitia mikononi mwake. Nilimwamkia, nikamsimulia yote. Hakuuliza habari za joto la maji wala za chujio.

"Chakula chao ulianza kukiandaa lini, mwanangu?"

"Siku walipoanza kuogelea, mzee."

"Basi ulichelewa wiki tatu."

Kwa muda mrefu nimeona wafugaji wapya wakifundishwa namna ya kuzalisha samaki kwanza, kisha namna ya kulisha vifaranga, kana kwamba kazi hizo hufuatana kwa mpangilio huo. Mpangilio huo ndio unaoua. Kuwafanya samaki watage ni jambo dogo, kwa kuwa wao wenyewe wamekwisha kupania kutaga; kazi kubwa ni kuwa na mamilioni ya viumbe hai, wasioonekana vizuri kwa macho, wakisubiri katika chupa saa ile vifaranga wanapomaliza kiini walichozaliwa nacho.

Kifaranga wa samaki mpiganaji ana urefu wa milimita tatu hivi anapoanza kuogelea, na mdomo wake ni mdogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii. Utumbo wake bado ni mfereji mfupi ulionyooka. Hajui kutafuta chakula kwa harufu, wala haokoti kilicholala. Macho yake humwelekeza kwenye kitu kinachotikisika. Punje ya unga, hata ikisagwa namna gani, hutua chini na kukaa kimya, na kwa kifaranga kitu kilichokaa kimya si chakula. Kisha punje ile huoza, amonia, sumu itokanayo na uozo, huongezeka, na wale waliokuwa na nguvu ya kungoja siku moja zaidi huipoteza kwa maji machafu. Hivyo ndivyo kiini cha yai kilivyonimalizia kizazi kizima, ingawa wapo wenye mkono mwepesi kuliko wangu wanaokitumia kwa kipimo cha ncha ya kijiti na kufaulu.

Chakula cha kwanza ninachokiotesha ni infusoria. Jina hili halimtaji mnyama mmoja. Ni jina la jumla la viumbe wadogo wanaojitokeza katika maji yaliyolowekewa majani au nyasi. Mwaka 1676, Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alitaka kujua kinachoifanya pilipili manga iwashe, akailoweka katika maji, na baada ya majuma kadhaa alipotazama tone la maji hayo kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe akakuta limejaa viumbe wanaoogelea. Hakupata jibu la ukali wa pilipili, lakini njia yake ya kuloweka na kungoja ndiyo hii tunayoitumia hadi leo kwenye vibaraza vyetu.

Mimi huchukua chombo cha plastiki chenye mdomo mpana, cha lita tatu, nikakijaza maji ya mvua, au maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili ili klorini itoke. Ndani yake huweka majani mawili makavu ya mkungu yaliyookotwa mbali na barabara, kipande cha jani kavu la mgomba chenye ukubwa wa kiganja, na kijiko kimoja cha maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye majani ya tangi la zamani, ambayo ndiyo mbegu. Siku ya pili au ya tatu maji huwa na weupe wa maziwa na kunuka. Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea mara mbili: huona weupe ule, hudhani chakula kimeiva, na kuumimina kwa vifaranga. Weupe ule ni bakteria. Ukiumimina katika tangi la vifaranga, oksijeni hupungua kabla ya mapambazuko na asubuhi unawakuta wamelala juu ya maji.

Inabidi kungoja. Kati ya siku ya tano na ya nane harufu hupungua, na maji huanza kung'aa tena yakiwa na rangi ya chai ya rangi, kwa sababu sasa wamezaliwa wale wanaokula bakteria. Usiku ninazima taa, naweka kitambaa cheusi nyuma ya chombo na kumulika tochi kutoka ubavuni. Kama mambo yamekwenda sawa, ndani ya mwanga huonekana vumbi jeupe. Lakini vumbi la kawaida huelea likifuata mkondo, ilhali hili kila chembe ina safari yake, nyingine zikipanda, nyingine zikikata kona. Hao ni paramesia, na kila mmoja ana urefu wa robo ya milimita hivi.

Jirani yangu mwalimu wa baiolojia aliwahi kunikaribisha nitazame tone moja kwa hadubini. Niliona mwili mwangavu wenye umbo la unyayo wa kandambili, ukiwa umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga kwa pamoja kama nafaka shambani upepo unapopita. Paramesia yule alikuwa akisonga mbele huku akijizungusha. Alipogonga kipande cha jani alirudi nyuma, akageuka kidogo, akajaribu tena, akagonga tena, akageuka tena, mpaka akapata njia. Ndani yake vilionekana vifuko vya mviringo vilivyoshikilia chakula alichokuwa amemeza. Tangu siku hiyo sijamimina chombo cha infusoria ardhini bila kufikiri kwanza.

Kumtenganisha paramesia na maji machafu anamoishi ni kazi ndogo yenye faida kubwa. Natumia chupa yenye shingo ndefu: najaza maji ya infusoria hadi mwanzo wa shingo, nashindilia tonge la pamba lisilobana sana, kisha juu ya pamba naongeza maji safi taratibu. Paramesia hupenda kupanda juu, na hukimbilia kwenye oksijeni, hivyo kwa muda wa usiku mmoja hupenya pamba na kujikusanya katika maji safi ya shingoni, na uchafu hubaki chini. Asubuhi nawanyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuwapeleka kwa vifaranga, matone machache mara nne au tano kwa siku.

Jambo moja silifanyii mzaha: kila chombo cha maji kinachokaa nje hufunikwa kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Dar es Salaam ilisumbuliwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza hutaga katika vyombo vya namna hii hii. Mfugaji anayezalisha mbu kwa ajili ya majirani zake hana haki ya kuendelea kufuga.

Baada ya infusoria hufuata minyoo ya uji, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Panagrellus redivivus. Napika uji mzito wa oti, ugali-ugali, nautandaza kwa unene wa sentimita moja na nusu katika kopo tupu la siagi, na ukishapoa nanyunyiza hamira kidogo kisha naweka kijiko cha mbegu kutoka kwenye kopo la zamani. Kifuniko natoboa tundu moja na kuliziba kwa pamba ili nzi wadogo wa matunda wasiingie. Siku ya nne, ukifungua kifuniko na kuliinamisha kopo kwenye mwanga, uso wa uji unametameta kama hariri inayovutwa taratibu. Ni minyoo maelfu, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita moja au mbili na wembamba usiofikia unene wa uzi. Wanapokuwa wengi hupanda ukutani mwa kopo, na hapo navuna kwa kupitisha kidole safi ukutani na kukisuuza katika kikombe cha maji.

Minyoo hii ina mambo mawili ya kuzingatia. Huzama, kwa hiyo huwafaa vifaranga wanaokula chini kuliko wale wanaokaa juu. Na kwa joto letu la Desemba hadi Machi uji huchachuka na kuwa majimaji kabla ya wiki mbili kwisha. Ndiyo maana sikosi makopo matatu yenye umri tofauti. Kopo moja likinuka kupita kiasi, naanzisha jipya siku hiyohiyo, si kesho.

Kwa wale wanaokaa juu kuna minyoo ya siki, Turbatrix aceti, ambayo naipenda kwa uvumilivu wake. Nusu siki ya tufaha, nusu maji, vipande viwili vya tufaha, na mbegu. Kisha unaisahau chupa kabatini kwa miezi kadhaa na bado unaikuta hai. Haizai haraka kama ile ya uji, lakini hukaa hai katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa siku kadhaa ikiogelea katikati na juu, mahali hasa macho ya kifaranga yanapotazama. Huvunwa kwa njia ileile ya shingo ya chupa na pamba.

Kisha, vifaranga wakifikia siku ya saba au ya nane, huingia artemia, na hapo kasi ya kukua hubadilika kabisa. Artemia ni kamba mdogo wa maji ya chumvi kali, ambaye mayai yake hukauka na kulala kwa miaka bila kufa. Mwaka 1933 Alvin Seale wa Marekani alieleza kwamba watoto wa artemia walioanguliwa punde ni chakula kizuri cha vifaranga, na Rollefsen wa Norwei akaonyesha jambo hilo hilo mwaka 1939. Sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa duniani hutoka ziwa la Great Salt Lake, jimboni Utah, Marekani, ingawa hata pwani yetu ina historia yake: katika miaka ya 1980 artemia walipandikizwa katika mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, na wakaweka makazi huko.

Natumia chupa ya soda ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na kugeuzwa juu chini, na mrija wa pampu ya hewa ukifika hadi kwenye kizibo. Ndani naweka lita moja ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi isiyo na madini joto, au maji ya bahari yaliyopunguzwa ukali kidogo kwa maji baridi, na nusu kijiko cha chai cha mayai. Katika joto la nyuzi 28 huanguliwa ndani ya saa 24 hivi. Hapo nazima hewa, naacha maji yatulie dakika kumi, na kuweka taa karibu na shingo ya chini: maganda matupu huelea juu, na watoto wa artemia hukusanyika kwenye mwanga kama wingu la rangi ya machungwa. Nawatoa kwa mrija, nawachuja kwa kitambaa kizito, nawasuuza kwa maji baridi na kuwapeleka tangini mara moja, kwa kuwa wanapokuwa wachanga bado wamebeba kiini chao, na kila saa inayopita hukitumia wao wenyewe. Nusu saa baadaye unaweza kuona kwa lenzi, na hata kwa macho makali, tumbo la kila kifaranga likiwa na rangi ya machungwa. Ni ushahidi unaomtosha mfugaji.

Umeme ukikatika usiku, hewa ya artemia hukatika nao, na mayai hutuama chini na kuoza. Pampu ndogo ya betri ni sehemu ya lazima ya kazi hii, na naandika hivyo nikikumbuka usiku mmoja wa Februari.

Siwezi kuacha kutaja kwamba jambo hili si la wapenda mapambo pekee. Wanaototolesha kambare katika Tanzania, Kenya na Uganda hukutana na kizingiti hikihiki: mayai huanguliwa kwa urahisi, na siku tatu hivi baadaye vifaranga huanza kuhitaji chakula kidogo chenye uhai. Wengine hununua mayai ya artemia kwa fedha nyingi; wengine hurutubisha bwawa kwa samadi ya kuku siku kadhaa kabla, ili maji yawe ya kijani na viroboto wa maji, hasa moina, wajae kabla vifaranga hawajawekwa. Wenye mabwawa hawa wa pili wameelewa alichonieleza yule mzee wa Tabata.

Nililielewa vizuri zaidi mwezi Aprili, masika ikiwa imekolea, nilipofuatana na mzee yule hadi kwenye dimbwi moja la barabara ya kuelekea Rufiji. Alichota maji kwa bakuli jeupe la bati, akaniambia nichuchumae na nisiseme kitu. Mwanzoni niliona tope tu. Kisha tope likatulia, na maji yakaanza kutembea: vumbi jeupe lile ninalolijua, chembe za mviringo zinazorukaruka, ambazo ni moina, na katikati yao samaki wawili wa urefu wa ukucha, wembamba, wenye macho makubwa. Walikuwa Nothobranchius, samaki wa msimu wa pwani yetu, ambao huishi kwenye madimbwi yanayokauka kila kiangazi. Wazazi wao walikufa dimbwi lilipokauka, na mayai yalilala ndani ya tope kwa miezi mingi. Mvua iliponyesha, yakaanguliwa.

"Nani aliwaandalia chakula hawa?" mzee akaniuliza.

Sikuwa na jibu la haraka, naye hakulitaka. Tope lililoficha mayai ya samaki ndilo lililoficha mayai ya moina na vidonge vikavu vya infusoria, na mvua ileile iliwaamsha wote. Infusoria huzaliana kwa saa, moina kwa siku, na samaki hukua wakiwafuata, mdomo ukipanuka kadiri chakula kinavyozidi ukubwa. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kutoka Msumbiji kwamba Nothobranchius furzeri wa porini huweza kukomaa kwa siku 14 tu tangu kuanguliwa. Kasi ya namna hiyo haiwezekani kwa samaki anayesubiri kulishwa mara tatu kwa siku. Inawezekana kwa samaki aliyezaliwa ndani ya chakula. Tuliwarudisha wale wawili dimbwini, pamoja na maji yao yote, tukaondoka.

Niliporudi nyumbani nilibadilisha utaratibu wangu. Siku hizi sipangi kuzalisha kwa kutazama jike limejaa mayai kiasi gani. Naanza na rafu ya kibarazani: vyombo viwili vya infusoria vilivyopishana siku tano, makopo matatu ya minyoo ya uji, chupa moja ya minyoo ya siki, na mayai ya artemia ambayo nimeyajaribu kwa kijiko kidogo kuona kama bado yana uhai. Wiki moja kabla, ndani ya tangi la kuzalishia naweka majani ya mkungu na kifungu cha majani ya mossi kutoka tangi la zamani, ili siku vifaranga wanapoanza kuogelea wakute ukutani na kwenye kila jani tayari pana wakazi wa kuliwa. Jike linaweza kungoja. Likisha kuwekwa na dume, hakuna tena kinachongoja.

Kizazi changu cha mwisho kilianza kuogelea asubuhi ya Alhamisi. Niliwapa infusoria kwa siku saba na minyoo ya siki kuanzia siku ya tatu, na siku ya nane artemia wa kwanza. Siku ya kumi niliinama mbele ya kioo nikiwa na lenzi na kumfuata kifaranga mmoja kwa macho. Alisimama, akajikunja umbo la herufi S, akalenga, akaruka, akameza. Kisha akatulia na kujikunja tena. Tumbo lake lilikuwa la mviringo, lenye rangi ya machungwa. Vifaranga 83 wamefikisha miezi mitatu, na madume nimekwisha kuyatenga kila moja na kopo lake.

Usiku huu nimemulika chombo kipya cha infusoria. Maji yameng'aa, harufu imekwisha, na vumbi linakata kona. Kesho asubuhi nitaliweka jike pamoja na dume.